Winchi ya nanga: breka ikae kwenye betri, si omoni

Nilipokuwa nafunga winchi ya umeme ya kupandishia nanga botini, niliuliza fyuzi yake ikae wapi. Kila niliyemuuliza alinijibu vilevile: fyuzi iweke mbele, jirani na mota, isije mota ikaungua. Ushauri huu unaniudhi mpaka leo. Kazi ya kwanza ya fyuzi ni kulinda waya, na waya unaanzia kwenye betri huko nyuma, unapita chini ya sitaha mpaka omoni, mbele kabisa ya boti. Ukichubuka katikati, chanya ikagusa hasi, nguvu zote za betri zinamwagika hapo hapo. Fyuzi ya mbele haina habari, na boti inawaka. Mimi nimetumia breka, swichi inayojikata yenyewe na kufanya kazi ya fyuzi, nayo iko kiganja kimoja tu kutoka nguzo ya chanya. Nanga ikishapanda naizima, maana swichi ya mguu ikiingia maji inaweza kuiteremsha nanga tukiwa mwendoni.

Mota ni ya wati 1,000 kwa volti 12, yaani ampea 80 na zaidi. Njia ya waya, kwenda na kurudi, ni mita 18. Fundi alileta waya wa milimita 16 za mraba. Piga hesabu: volti moja na nusu inapotelea njiani. Nikanunua wa 50, upotevu ukashuka hadi nusu volti. Bei yake ilikaribia ya winchi yenyewe, na sijutii.

Kuupitisha ndiko kulikonipa raha. Bomba la kupitishia waya lina kona mbili, na waya wa chuma niliotaka kuvutia ulikwama kwenye ya kwanza. Kila nikisukuma, unajikunja. Nikakata kipande cha sponji kinachoteleza bombani, nikakifunga uzi wa mshipi, nikakitumbukiza upande wa betri. Omoni nikaweka mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi, nikaziba mianya kwa kitambaa. Sponji likaja mbio! Uzi ukavuta kamba, kamba ikavuta waya wa kwanza pamoja na kamba nyingine ya kuvutia wa pili. Waya upakeni sabuni ya maji.

Rilei, swichi inayoamshwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mzito, niliifunga pakavu, si kwenye shimo la mnyororo. Swichi za mguu zinaiamsha rilei tu. Umeme mzito haupiti kwao.

Halafu pimeni volti winchi ikiwa inavuta, si ikiwa imelala. Injini ikinguruma, nilipata volti 13.4 kwenye betri na 12.9 kwenye mota. Na wakati wa kupandisha nanga, boti isogezwe na injini. Winchi inyanyue mnyororo tu.