Gusa tu, baba

Juma zima nimelala na neno moja kichwani, neno lenyewe la herufi mbili: tu.

Mlio nami tangu zamani mnamjua baba na redio kaseti yake, ile ya mpini uliofungwa kwa waya. Jumapili nilimpelekea simu mpya. Nilishamwekea programu ya muziki, nikamtafutia nyimbo zake kama arobaini na kuzipanga kwenye orodha yenye jina lake. Nilikwenda na furaha yangu yote, na kweli alishangaa. "Zote hizi zimo humu?" Akaigeuza simu, akaukagua mgongo wake kama anayetafuta zilipoingilia.

Kisha ikafika zamu yake ya kuweka wimbo mwenyewe.

"Gusa hapo, baba."

"Nagusa."

"Hapo unabonyeza. Gusa tu."

"Si ndiyo nagusa, mama."

"Gusa tu, baba. Gusa. Tu."

Kila akiweka kidole, badala ya wimbo zinajitokeza habari nyingine: ongeza, tuma, futa. Mara ya tano nikaichukua simu mkononi mwake nikaweka wimbo mwenyewe. Hakubisha. Alirudisha mikono mapajani akasema, "Basi, weka tu wewe."

Basi, weka tu wewe. Tangu siku hiyo dada kajifungua salama (mapacha, na mnajua tulivyokuwa roho juu), mimi nimepewa barua ya kuthibitishwa kazini, lakini nikizima taa narudi pale pale. Alisema kwa kuchoka? Alinionea huruma? Baba akikasirika hunyamaza, kwa hiyo hasira haikuwepo. Nimeisema sentensi hiyo kwa sauti yake, chini kwa chini, nikijaribu kila namna. Mara naisikia kama ya mtu anayeachia jambo dogo lipite. Mara naisikia kama ya mtu aliyekubali kwamba muziki wake mwenyewe, tangu leo, atawekewa na mwingine. Hii ya pili ndiyo inayoniuma. Huyu ndiye aliyekuwa akiutoa utepe ulionaswa kwenye mashine kwa ncha ya kidole bila kuukata, kisha akaurudisha ndani kwa kuizungusha kaseti na penseli, taratibu, sisi watoto tumekaa kimya tunamtazama.

Jumatano ndipo nilipoelewa. Kitufe cha redio kaseti kinataka nguvu. Unakikandamiza mpaka kinanasa chini, ndipo utepe uanze kuzunguka. Ukikigusa tu, hupati kitu. Baba amekandamiza hivyo maisha yake yote. Philips walitoa kaseti mwaka 1963, na baba naye ni wa 1963, wamekua pamoja. Kioo cha simu ni kinyume chake. Hakingoji nguvu, kinahisi mabadiliko madogo ya umeme ngozi inapokifikia, na kidole kikikawia juu yake kinachukulia kwamba unataka kitu kingine. Tena vidole vya baba ni vya fundi, ngozi kavu na sugu, ambayo kioo huweza kushindwa kuihisi vizuri. Kwa hiyo alinisikia vizuri sana. Alikuwa anafanya sawasawa kabisa, kwa kifaa alichokizoea, na mimi nikampokonya.

Alhamisi nikarudi. Sikugusia habari ya simu. Nilimwomba kaseti yake ya dakika 90, ile aliyorekodi kutoka redioni, ambayo vidude vyake viwili vya mgongoni alishavivunja ili mtu asirekodi juu yake. Nikachomeka waya kutoka redio kaseti hadi kwenye kompyuta, nikapunguza sauti mpaka alama nyekundu zikapotea, tukakaa. Kaseti haiharakishwi. Upande mmoja ni dakika 45, na utazikaa zote; utepe unakwenda sentimita 4.76 kwa sekunde, karibu mita 129 zikapita pale mbele yetu tukizungumza mambo ya mapacha. Sikukata chochote, hata ule mvumo wa utepe wenyewe. Nikatoa faili mbili tu, nikaziita Upande A na Upande B, nikazihamishia kwenye simu. Ile programu ilikuwa inamchanganyia nyimbo inavyotaka na kuingiza matangazo katikati. Baba anajua wimbo gani unafuata upi tangu mimi sijazaliwa.

Safari hii simu ilikaa mkononi mwake, mimi mikono yangu niliikalia.

"Baba, gusa kama unavyopima pasi, kama imepata moto."

Akalamba ncha ya kidole, kama anavyofanya kwa pasi kweli, akakifuta kwenye shati. Akagusa, akakirudisha haraka kana kwamba kimeungua. Mvumo ukaanza, halafu gitaa.

Wimbo wa tatu kuna mahali mtangazaji anaingia kabla haujaisha, anasema "na sasa", kisha kishindo, pale baba alipowahi kuzima. Baba akasema "na sasa" pamoja naye, macho kafumba. Kwenye ile orodha yangu ya nyimbo arobaini wimbo huo upo, safi, hadi mwisho, na kumbe Jumapili alipokunja uso ukielekea mwisho alikuwa anamngoja huyu mtu.

Upande A ulipoisha nikanyoosha mkono bila kufikiri. Alikuwa ameshagusa B.

Sijamwomba radhi bado. Nilikusudia, tukafika mlangoni nikaishia kumwambia asisahau kuichaji.

Kaka hajajibu tangu Jumatatu nilipomwandikia habari za mapacha. Tiki bado ni moja. Si kawaida yake kuzima simu siku nzima, sembuse tano, na leo nimempigia mara tatu.