Mirihi kwa Shilingi Tano

Shangazi alinunua njugu za shilingi tano, akanimiminia nusu kiganjani, nami nikaikunjua ile karatasi nitoe zilizonasa chini. Ndipo nikauona mwandiko wangu. Wino wa bluu, herufi zimelalia kushoto, na katikati ya doa la mafuta maneno haya: "kwa hiyo ni sekunde 186, Kapteni, tena hapo Mirihi ikiwa karibu kabisa!" Ile alama ya mshangao nilikuwa nimeikoleza mara mbili.

Ilikuwa Jumapili ya Agosti 2006, soko la Kibuye, Kisumu, limefurika hadi barabarani kama kila Jumapili, nasi tumetandaza mitumba ya shangazi juu ya turubai. Nikaduwaa na karatasi mkononi.

"Umeona nini humo, mdudu?" shangazi akauliza.

Nikamwambia nimejiona mimi. Karatasi hiyo nilikuwa nikiitafuta kwa siku tisa.

Niliyekuwa nikiandika naye tulimwita Sufuria, kwa sababu siku za wali yeye ndiye aliyebaki jikoni akikwangua ukoko. Tulianza tukiwa kidato cha pili, shule ya bweni karibu na Nakuru, mwaka 2003. Mwaka huo Mirihi iliisogelea Dunia kuliko ilivyowahi kufanya kwa karibu miaka 60,000, na kilele chake kilikuwa tarehe 27 Agosti, umbali wa kilomita milioni 56 hivi. Kufikia tarehe hiyo tulikuwa tumefunga shule, lakini wiki za mwisho wa muhula, tukitoka prepu, masomo ya usiku, tuliiona ikipanda mashariki, nyekundu kama kaa la jiko. Sufuria akasema, "Kule kuna watu." Mimi nikasema, "Kule hakuna hewa." Urafiki wetu wote umo katika sentensi hizo mbili.

Basi tukaanza hadithi. Chombo chetu kiliitwa Omieri, jina la yule chatu wa Nyakach aliyejaa magazetini mwaka huohuo. Kapteni alikuwa mwanamke, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka ufuo wa Dunga. Kituo cha kurushia tukakiweka Maseno, pale ikweta inapokata barabara, na hilo lilikuwa wazo langu. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa ametueleza kwamba kwenye ikweta ardhi inazunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki inapata msukumo huo bure. Ndiyo maana Waitaliano walijenga majukwaa yao baharini karibu na Malindi, na setilaiti iliyorushwa hapo siku ya Jamhuri ya mwaka 1970, ya kuchunguza eksirei kutoka angani, ikaitwa Uhuru. Sufuria alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaandika kwamba Omieri ilijificha chini ya gugu-maji kwenye Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, polisi wakiitafuta. Nikapinga: ghuba ina kina kifupi, chombo kikubwa hakijifichi. Tukapatana kwamba chombo kiwe bapa kama samaki ngege. Nikakichora. Chatu bapa kama ngege! Lakini mchoro ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo.

Baada ya mtihani wa kidato cha nne tukatawanyika. Waliofanya mtihani 2005 wanakumbuka: matokeo yalitoka mapema 2006, na chuo kikuu ukakingoja hadi mwaka uliofuata. Sufuria alibaki Nakuru kwenye karakana ya jua kali ya mjomba wake, akijifunza kuchomelea mageti. Mimi nikaja Kisumu, Manyatta, kwa shangazi. Hadithi tukaihamishia kwenye kaunta buku lenye jalada gumu, likawa linasafiri kwa Nissan, matatu za abiria. Unaliweka kwenye bahasha ya khaki, unaandika jina na namba ya simu, unampa makanga shilingi hamsini, kisha unamtumia mwenzako namba ya gari kwa SMS. Likishuka Kericho, likapita Awasi na Ahero, jioni liko Kisumu. Mimi niliandika kwa bluu, yeye kwa nyeusi. Kila mmoja alimaliza sehemu yake mahali pabaya makusudi, mwenzake ahangaike kutoka.

Tulikuwa tumegombana, hilo niliseme. Katika sehemu ya tisa Sufuria alimfanya Kapteni, akiwa Mirihi, aongee na Maseno kama mtu aliye Kondele anayempigia mtu wa Nyalenda, mitaa ya Kisumu hiihii. Haloo, haloo, niko hapa. Nilikasirika kweli. Redio inasafiri kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde. Mirihi ikiwa karibu, neno lako linachukua dakika tatu kufika, na ikiwa upande wa pili wa Jua linachukua kama dakika ishirini na mbili. Kisha lazima jibu nalo lirudi. Nikaandika kurasa nyingi ambamo injinia wa Maseno anamweleza Kapteni hesabu yote, hatua kwa hatua, kana kwamba mtu aliyefika Mirihi hakuambiwa hayo kabla ya kuondoka. Sufuria akanijibu kwa SMS: "Nani atasoma watu wakingoja? Sisi wenyewe tunangoja makanga wiki mbili na hatuandiki hiyo."

Kisha akaandika sehemu yake ya kumi na mbili, akanitumia kitabu siku ya Ijumaa, na kitabu hakikufika.

Nilikwenda stejini jioni ile, na kesho yake, na keshokutwa. Dereva alisema niulize makanga. Makanga, nilipompata, alisema amekikabidhi kwa "kijana mmoja mwembamba". Kisumu nzima imejaa vijana wembamba. Nilipozidi kumfuata akanitolea macho, akaniuliza kama mle ndani mlikuwa na pesa. Nikasema hapana, ni hadithi. Alicheka mpaka abiria wakageuka.

Sasa, Kibuye. Niliifuata ile karatasi hadi kwa aliyeiuza. Mama mmoja ameketi kwenye kigoda karibu na lango, beseni la njugu mbele yake, kopo la kupimia, na pembeni rundo la magazeti na madaftari ya shule. Alikuwa akichana ukurasa, anauviringa kwenye vidole kama pia, anakunja ncha, anatia njugu, anafunga. Mkono haukusimama hata alipokuwa akinitazama.

"Mama, shikamoo. Hizi karatasi umezitoa wapi?"

"Marahaba. Nimenunua. Unataka njugu au karatasi?"

"Hii ni yangu. Nimeiandika mimi."

Akaichukua, akaigeuza, akaangalia upande wa mafuta na upande usio na mafuta. "Wewe ndiye mwalimu?"

Kumbe aliinunua kwa vijana wanaoosha magari Lwang'ni, kule ziwani. Gari likishaoshwa, kilichobaki chini ya viti ni chao: chupa, magazeti, mwavuli wa mtu. Makanga wangu hakukabidhi kitu kwa mtu yeyote. Bahasha ilitelezea chini ya kiti na kusahaulika huko. Mama wa watu alilipa shilingi kumi, na karatasi ni karatasi.

"Kitabu chenyewe kiko wapi?"

Akaita jina, na kutoka nyuma ya gunia akatokea kijana wa darasa la sita hivi, kaptura ya shule siku ya Jumapili. Chini ya kwapa amebana jalada gumu nililolijua kama ninavyojua mlango wa kwetu. Sikumnyang'anya. Nilinyoosha mkono tu, naye akanipa polepole kama mtu anayelipa deni.

Lilikuwa jepesi. Nikalifungua. Sehemu za Sufuria zilikuwepo zote, nyeusi tititi, hakuna hata ukurasa uliokunjwa pembe. Za kwangu hazikuwepo. Zilikuwa zimechanwa kwa uangalifu, pembeni pamebaki vipande vyembamba kama meno ya kitana. Nilivihesabu: thelathini na moja.

"Ni nani aliyechana?"

"Ni mimi, ticha. Mama alisema lazima nimpe karatasi. Nikampa za bluu."

"Kwa nini za bluu?"

Akamtazama mama yake, akatazama chini. "Za bluu zilikuwa kama masomo."

Mama akacheka kimya, mabega yakitikisika. Mimi sikucheka. Nimeandikiwa maoni mengi tangu siku hiyo, na watu waliosoma sana, lakini hakuna lililonichoma kama lile. Jambo lililoniuma zaidi ni kwamba ukurasa mmoja wa bluu alikuwa ameuacha. Nikaufungua kwa matumaini. Ulikuwa ule wa mchoro wa Omieri.

Pale kwenye sinia palikuwa na vifurushi kumi na vinne vya bluu vilivyokwisha kufungwa. Nikavinunua vyote, shilingi sabini, pesa ya nauli ya wiki. Hakunipunguzia hata senti. Kurasa nyingine kumi na sita zilikuwa zimekwisha kuingia sokoni, na jioni ile nilirudi nyumbani nikipitia Kibuye macho chini kama aliyepoteza funguo. Niliokota moja karibu na wauza kuku, imekanyagwa. Shangazi alinisaidia kuzinyoosha kwa pasi ya makaa, juu ya gazeti, nyumba nzima ikanuka njugu za kukaanga. Njugu zenyewe tulizila na chai kwa siku mbili.

Nilimflashi Sufuria. Akapiga.

"Kimepatikana," nikasema.

"Kizima?"

"Kimelowa kidogo. Sehemu zangu. Nitaziandika upya."

"Pole sana, Injinia. Zile za hesabu pia?"

"Hizo pia."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema "pole" tena, na nikamsikia anavyojizuia. Habari ya yule kijana na za bluu sikumwambia. Sijamwambia mpaka leo. Kama anasoma hapa, basi ndiyo anajua.

Niliandika upya kwa wiki tatu, usiku, kwa taa ya chemni. Vile vipande vilivyopigwa pasi nilivisoma mara moja nikaviweka. Kila nilipotaka kueleza kitu nilimwona yule kijana ananyoosha mkono kuchana. Dakika za mwanga sikuziacha, ng'o, kwa hilo sikukubali kushindwa. Ila nilimfukuza injinia wa Maseno na hotuba yake. Nikaitoboa Omieri. Tundu dogo ubavuni, hewa inatoka, mle ndani imebaki ya dakika ishirini. Siku hiyo Mirihi iko mbali kiasi kwamba swali linachukua dakika kumi na mbili kufika Dunia, na jibu dakika kumi na mbili kurudi. Muuza omena wa Dunga anajua kujumlisha. Hapigi haloo. Anatazama saa, anazima redio, anatafuta chuma.

Hapo nikakwama, kwa sababu sikujua kama unaweza kuchomelea mahali pasipo hewa. Nikamuuliza fundi wangu kwa SMS. Jibu likaja usiku: "Gesi yetu ni mitungi 2. Mmoja ni oksijeni. Moto wangu umebeba hewa yake, nadhani utawaka hata huko. Mpe Kapteni miwani, asipofuke." Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Warusi walikuwa wamejaribu kuchomelea angani Oktoba 1969, ndani ya Soyuz 6, ingawa wao walitumia umeme. Sufuria hakuwa amesikia habari hiyo, wala mimi. Alijua tu mitungi yake.

Nikaandika hadi pale Kapteni anapovaa miwani na kuwasha moto, nikaacha. Zamu ya Nakuru. Lakini kabla ya kupeleka kitabu stejini, Jumapili nikapita kwenye lango la Kibuye. Sijui nilitaka nini hasa. Nilimpa yule kijana kitabu, nikamfungulia mahali penyewe, nikajifanya nachagua njugu.

Alisoma akiwa ameketi chini, mgongo kwenye gunia, midomo ikicheza. Mteja akaja, hakumwona. Mama akamwita mara moja, akamwita mara ya pili. Alipofika kwenye dakika ishirini nilijua, kwa sababu kidole chake kilirudi juu ya ukurasa kuhesabu tena kumi na mbili na kumi na mbili. Kisha akafunua. Ukurasa mweupe. Akafunua mwingine.

"Ticha, inaendelea wapi?"

"Nakuru."

"Inafika lini?"

"Ijumaa ijayo. Labda ile nyingine. Makanga akipenda."

Akaguna. Mama yake alikuwa amemaliza magazeti. Mkono ukaja pembeni bila yeye kutazama, ukipapasa karatasi. Kijana akalifunga lile kaunta buku, akaliweka chini, akalikalia.