Kompyuta Iliyodhani Ni Mwaka 2015

Mpwa wangu alinipigia simu Alhamisi jioni, akaniamkia, akawauliza wanangu mmoja mmoja kwa majina, na baada ya adabu hizo zote akatoa lililokuwa moyoni: "Mjomba, seva zimekufa. Leo siku ya tatu siingii."

Anaishi na mama yake hapa Jinja, mtaa wa Walukuba, mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu, na mchezo anaoupenda kuliko chakula ni Minecraft ile ya kompyuta, inayotegemea seva, yaani kompyuta za mbali zinazopokea wachezaji. Nilipofika nilikuta ameshamaliza dawa zote alizoshauriwa na wenzake shuleni. Alikuwa amezima ruta, kile kifaa cha kusambaza intaneti nyumbani, na kuiwasha mara zisizohesabika, amemwomba mama yake bando jipya ilhali la zamani lilikuwa halijaisha, amebadili nenosiri mara mbili, na, baya kuliko yote, ameufuta mchezo na kuupakua upya, jambo lililokula data ya karibu wiki nzima. Sikumlaumu, maana hata watu wazima hufanya hivyo hivyo: kosa likitokea wanashika kila kinachoshikika, na wakimaliza hawajui tena kipi walikigusa na kipi hawakukigusa.

Nilimwomba aketi, asiguse kitu, kisha anisomee maneno yaliyoandikwa kwenye kioo, neno kwa neno. Yalikuwa ya Kiingereza, na maana yake ilikuwa kwamba programu imeshindwa kumthibitisha mtumiaji. Hapo tayari palikuwa na fununu, kwa sababu kutofika ni jambo moja na kukataliwa ni jambo jingine. Mgeni ambaye gari lake limeharibika njiani hatuwezi kumsaidia kwa namna moja na mgeni aliyefika salama langoni, akabisha hodi, na mlinzi akamwambia kwamba kitambulisho chake hakieleweki. Kuwasha na kuzima ruta ni kushughulikia barabara. Kubadili nenosiri ni kushughulikia kitambulisho. Mpwa wangu alikuwa anafanya vyote viwili kwa pamoja bila kujua ni kipi kinachomsumbua.

Tulianza na barabara, kwa kuwa ndiyo rahisi kuipima. Nilichukua simu yangu, nikaiunganisha na Waifai ile ile ya nyumbani, nikafungua tovuti tatu, na zote zikafunguka mara moja. Kisha kwenye kompyuta nikafungua lile dirisha jeusi la amri, nikaandika ping 8.8.8.8, yaani amri ya kubisha hodi kwenye kompyuta za Google na kuona kama zinajibu, nikapata majibu manne yasiyopotea hata moja, kila moja likichukua milisekunde thelathini na kitu. Nikarudia amri hiyo kwa kutumia jina la tovuti badala ya namba, na majibu yakaja vile vile. Jaribio hili la pili watu wengi hulisahau, nalo ni muhimu: namba ikijibu na jina lisijibu, tatizo liko kwenye DNS, yaani ile huduma inayogeuza majina kuwa anwani, na dawa yake ni kuandika ipconfig /flushdns au kuweka anwani nyingine ya DNS kwenye mipangilio, kama vile 1.1.1.1. Kwetu sisi vyote vilijibu. Barabara ilikuwa nzima.

Naomba nikae kidogo kwenye suala la barabara, kwa sababu hapa Uganda linasingiziwa mengi. Nchi yetu haina bahari, na sehemu kubwa ya mawasiliano yetu na nje hupita kwenye nyaya za nchi kavu hadi pwani, Mombasa hasa, kabla ya kuingia kwenye kebo zilizolazwa chini ya bahari. Kebo ya SEACOM ilianza kazi mwaka 2009 na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti zilizo kilomita karibu 36,000 juu ya ardhi, na ujumbe kwenda na kurudi ulichukua zaidi ya nusu sekunde, muda unaotosha kuuawa ndani ya mchezo kabla hujamwona aliyekuua. Leo hali ni nafuu sana, lakini mwanga ndani ya kebo husafiri kama kilomita 200 kwa kila milisekunde moja, wala hakuna bando linaloweza kuuharakisha. Seva ikiwa Ulaya, na njia ya kebo ikiwa na urefu wa kilomita 10,000, utatumia milisekunde 100 za kwenda na kurudi hata kama mitambo yote ya njiani haikuchelewesha chochote. Na kebo zenyewe hukatika: tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikaanza kutambaa. Hata hivyo, masaibu ya namna hiyo huleta kusitasita, wachezaji kurukaruka kwenye kioo, au kutupwa nje katikati ya mchezo. Ni nadra sana yakufanye uambiwe kwamba wewe si wewe.

Basi tukahamia kwenye kitambulisho. Nilifungua kivinjari kwenye kompyuta yake nikajaribu kuingia katika akaunti ya Microsoft, kwa kuwa ndiyo inayotumika kuingia Minecraft, na kivinjari kikagoma kufungua ukurasa, kikisema waziwazi kwamba saa ya kompyuta iko nyuma. Niliinua macho nikatazama pembe ya kioo, pale ambapo ningepaswa kutazama tangu nilipoingia chumbani. Ilikuwa imeandikwa saa sita na dakika arobaini na saba za usiku, tarehe 1 Januari 2015.

Mpwa wangu alicheka. "Kwani saa inahusiana nini na mchezo?"

Inahusiana sana. Kompyuta inapozungumza na seva kwa njia ya siri, seva hutoa kwanza cheti cha kujitambulisha, na cheti hicho kina tarehe mbili: siku kilipoanza kutumika na siku kitakapokwisha. Vyeti vya namna hiyo siku hizi ni vya muda mfupi; Septemba 2020 vivinjari vikubwa viliacha kukubali kipya kinachozidi siku 398. Sasa kompyuta inayoamini kwamba ni mwaka 2015 ikionyeshwa cheti kilichotolewa majuzi, huona karatasi ambayo kwa hesabu yake haijazaliwa bado, na inafanya jambo la busara kabisa la kuikataa. Seva haikumkataa kijana. Kompyuta yake mwenyewe ndiyo iliyoikataa seva, halafu programu ya mchezo, isiyojua kueleza kisa kirefu hivyo, ikasema tu kwamba uthibitisho umeshindikana.

Tulirekebisha tarehe kwa mkono, tukafungua mchezo, naye akaingia bila kuulizwa hata nenosiri. Alitaka kunikumbatia. Nilimzuia, nikazima kompyuta, nikachomoa waya wa umeme, nikasubiri dakika mbili, nikawasha tena. Tarehe 1 Januari 2015.

Ndani ya kompyuta ya mezani, kwenye ubao mkuu, kuna betri ndogo bapa inayofanana na sarafu, iitwayo CR2032. Namba hizo ni vipimo vyake, milimita 20 kwa upana na 3.2 kwa unene. Kazi yake ni kuendesha saa pale umeme unapokosekana. Ikifa, hutagundua kwa muda mrefu, kwa kuwa kompyuta ikibaki imechomekwa ukutani saa huendelea kutembea kwa umeme wa nyumba. Umeme ukikatika ndipo inaposahau kila kitu, na kwetu ulikuwa umekatika Jumatatu usiku, kama kawaida, sisi tunaolala kando ya bwawa la Nalubaale linalozalisha umeme tangu mwaka 1954. Unaweza kuuliza mbona Windows haikujirekebisha kupitia intaneti. Kwa kawaida hujirekebisha, lakini kwa kompyuta ya nyumbani imewekewa kikomo cha sekunde 54,000, yaani saa 15. Pengo likizidi hapo huona kuna jambo lisilo la kawaida, ikaacha saa ilivyo. Pengo letu lilikuwa la miaka.

Ijumaa baada ya swala tulikwenda kwa fundi wa saa anayekaa barazani karibu na Main Street, mwenye meza ya kioo isiyozidi upana wa sinia. Hakuuliza maswali. Alifungua kikopo cha maziwa ya unga, akachagua betri moja, akaipima kwa mita yake, akatuonyesha sindano ikigusa volti tatu na kidogo, na akadai shilingi 3,000. Kijana aliirudisha mahali pake mwenyewe, upande wenye maandishi ukitazama juu, kwa mikono iliyokuwa ikitetemeka kama anampasua mtu.

Saa ina ujanja mwingine ambao nimekutana nao mara nyingi zaidi ya huu wa betri. Kompyuta nyingi za mitumba zinazouzwa hapa huja zikiwa na majira ya pwani ya magharibi ya Marekani, na mwenye kuinunua, akiona saa haifanani na ya ukutani, huigeuza mpaka zifanane bila kugusa jina la ukanda wa saa, yaani eneo la dunia ambalo kompyuta inadhani ipo. Kwa macho kila kitu ni sawa, lakini hesabu ya ndani imepotoka kwa saa kumi au kumi na moja. Na yupo jirani yangu mmoja, mzee wa heshima zake, aliyeiweka simu yake kwa saa za Kiswahili, yaani saa mbili asubuhi inasomeka 2:00, akaipotosha kwa saa sita kamili. Mambo yake yalikwenda vizuri hadi mwanawe alipomwekea ile programu ya tarakimu sita za kuingilia kwenye akaunti. Tarakimu hizo hubadilika kila sekunde 30 na hutokana na saa ya simu pamoja na namba ya siri iliyohifadhiwa ndani ya programu, kwa hiyo kila alizozitoa zilikuwa halali, ila kwa wakati mwingine wa siku.

Jambo jingine ambalo ni letu hasa ni VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako kupitia nchi nyingine. Ilipoanza kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii mnamo Julai 2018, na zaidi Januari 2021, intaneti ilipozimwa jioni ya tarehe 13 kabla ya uchaguzi ikarudi tarehe 18 huku Facebook ikibaki imefungwa, watu walipakua VPN za bure na hawakuziondoa tena. Zinakaa zimewashwa usiku na mchana. Mtu anaingia kwenye mchezo asubuhi akionekana yuko Uholanzi, jioni yuko Singapore, na mfumo wa ulinzi wa akaunti, ambao haujui lolote kuhusu kodi zetu, unaona mwizi na kufunga mlango. Kabla ya kumwandikia yeyote malalamiko, izime kwanza, subiri kidogo, kisha ujaribu mara moja tu. Kuingiza nenosiri mara kumi kwa hasira huongeza shaka.

Walio na akaunti za zamani za Mojang, kampuni iliyotengeneza Minecraft, nao wapo. Muda wa kuzihamishia Microsoft ulikwisha tarehe 19 Septemba 2023, kwa hiyo nenosiri laweza kuwa sahihi kabisa na lisifungue kitu.

Baada ya kuingia, mpwa wangu alitaka binamu yake wa Mombasa aingie katika dunia anayoiendesha kwenye kompyuta ile ile, na hilo likagoma kwa sababu isiyohusiana na saa wala nenosiri. Ruta yake inatumia laini ya simu, na kampuni za simu, kwa uhaba wa anwani za intaneti, huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Anwani aliyopewa ilianza na 100.72, nayo imo katika kundi la 100.64 hadi 100.127 lililotengwa mahsusi kwa kazi hiyo. Kijana anaweza kutoka nje, lakini mgeni hana namna ya kumfikia, sawa na mtu anayeishi ndani ya jengo lenye sanduku moja la posta na majina mia. Kufungua mlango namba 25565 kwenye ruta, ule ambao Minecraft huutumia kupokea wageni, kama video zinavyoelekeza, hakusaidii kitu hapo. Nilimshauri wakutane kwenye seva ya kukodi iliyo nje, ambayo wote wawili wataifuata.

Kuhusu hilo alikubali, akaenda kujaribu kuingia kwenye kompyuta ya rafiki yake, na ndipo tulipogundua la mwisho. Mfumo ulisema umetuma namba ya siri kwenye barua pepe, na barua pepe yenyewe hatukuijua. Akaunti ilifunguliwa miaka miwili iliyopita na kijana wa kafe ya intaneti, ambaye kwa kurahisisha kazi alitumia barua pepe yake mwenyewe na namba yake mwenyewe. Tulipiga namba hiyo. Ikapokelewa na mama mmoja wa Mbale aliyeinunua mwaka jana, akatuombea heri kwa upole. Hadi ninapoandika haya, kompyuta ya Walukuba ndiyo pekee inayotambuliwa na akaunti hiyo, nami nimebandika karatasi juu ya kioo chake: usibonyeze kitufe cha kutoka.