Maji ya kwanza ya khanga

Tanga, Jumapili. Mvua imekatika tangu alfajiri, nikapata nafasi ya kuloweka khanga nne mpya za mfarishi wa binti yangu, lile tandiko la vipande lenye pamba ndani. Nyekundu nimeipa beseni lake. Maji ya kwanza yalitoka kama juisi ya rosela. Ya tano ndipo nikaanza kuona chini ya beseni. Nikaikamua juu ya kitambaa cheupe, nikakitazama juani: kisafi. Hapo moyo ukatulia.

Mfarishi wa kwanza sikuufanyia hivi. Khanga mpya ina wanga, imekakamaa, mkasi unapita vizuri na vipande havitelezi chini ya cherehani. Nikaogopa kuupoteza ule ukakamavu. Nikazishona vilevile, pamoja na vipande vya khanga za marehemu mama. Siku ya kuufua, mpya zikarudi, zikawa fupi. Za mama hazikurudi, zilishamaliza kurudi miaka mingi nyuma. Mishono ikavutana, uso wote ukajikunja. Na nyekundu ikachuja, ikatua palepale palipoandikwa “Nani kama mama”. Nilijaribu chumvi, nikajaribu siki. Doa la waridi lipo hadi leo, na kila nikitandika nalitazama.

Wapo wanaopenda mikunjo ile, wanashona bila kufua makusudi ili mfarishi uonekane wa zamani. Sawa, kama vitambaa vyote ni vipya na ni vya pamba ya aina moja. Kuchanganya kipya na kikuukuu bila kufua, mimi sirudii. Na ukakamavu wenyewe unarudishwa: uji mwepesi wa wanga wa muhogo, uliochujwa vizuri, unachovya khanga, kisha unapiga pasi ingali na unyevu. Leo nimefanya hivyo, na pindo zimenyooka kama zimetoka dukani.

Ule wa kwanza nimeushona tena sehemu zilizofumuka, na sasa nauogopea. Naufua kwa maji baridi na sabuni kidogo, siukamui kwa kuusokota. Siuaniki kwenye kamba pia, kwa sababu pamba ya ndani ikilowa ina uzito wa kukata bandi, ile mishono inayoshika vipande. Naulaza juu ya mkeka, kivulini, nikiugeuza. Kuuhifadhi nauviringia shuka ya pamba. Mfuko wa nailoni katika joto hili la pwani hufungia unyevu ndani, na ukungu hauchelewi. Kila miezi michache naukunja upya kwa mistari mingine, usije ukakatika palepale kwenye mkunjo.

Jioni binti yangu alikuja na kikapu cha vipande vya bibi yake, vile vilivyobaki.

“Mama, na hivi niviloweke?”

“Hivyo alishaviloweka bibi yako, mwanangu. Viweke mezani.”

Akavipanga kimoja kimoja, maandishi yakitazama juu.