Chupa ya maji chini ya mwamba wa Kolo

Mwaka wangu wa kwanza wa kupandisha wageni kwenye michoro ya miambani ya Kolo, huku Kondoa, nilikuwa kama redio. Tukifika juu, watu bado wanahema, naanza: eneo limo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2006, ukubwa wake kilomita za mraba 2,336, Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alikuja kunakili michoro mwaka 1951... Wageni wanaitikia kwa adabu, wanapiga picha, wanauliza choo kiko wapi.

Aliyenibadilisha ni mama mmoja wa makamo aliyekuja na kwaya yao kwa Kosta kutoka Dodoma mjini. Mimi nahutubia, yeye kajitenga pembeni, kafungua chupa yake na anaurushia mwamba maji ili rangi ikolee. Nikapaza sauti: "Mama, hairuhusiwi!" Kwaya nzima ikageuka. Mama wa watu akafunga chupa, akaenda kukaa kivulini, na mpaka tunashuka hakunisemesha tena. Kosa alikuwa nalo, maana maji yanaiharibu michoro. Ila katika kundi lote ni yeye tu aliyetaka kuiona kwa dhati, na ndiye niliyemfukuza.

Nikaacha hotuba. Siku hizi nikifika juu nakaa kwenye jiwe, nakunywa maji yangu, nasubiri. Mtu aliyetoka juani macho yake hayaoni haraka wekundu uliofifia. Akitulia kidogo, wanyama wanaanza kujitokeza wenyewe. Punde utasikia, "He! Huyu si twiga?" Hapo ndipo naingia, tena kwa swali: "Umemjuaje?"

Kuna mchoro mmoja wa watu watano wembamba, wa katikati anashikwa mikono huku na huku. Leakey aliona mtu anatekwa. Wapo wanaosema ni ngoma: mtu amepandwa, wenzake wamemshika asianguke, kama katika simbo, ngoma ya Wasandawe. Zamani nilikuwa nasema yote hayo kwa pumzi moja. Sasa nauliza tu, "Hapa kuna nini?" Kijana mmoja wa bodaboda akajibu, "Huyo anatolewa baa." Mwenzake akakataa: bibi harusi huyo, ndugu wanagombea mahari. Wakabishana mpaka wakahesabu vidole vya waliochorwa. Nilipowatajia hizo tafsiri nyingine walikuwa wameshakuwa na upande wa kutetea.

Halafu kuna shimo. Mgeni wa Kitanzania atauliza shimo kabla ya michoro. Limechimbwa na watu wanaotafuta mali wanayoamini Wajerumani waliifukia wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Swali hilo lilikuwa linaniudhi, nalikatiza. Siku hizi naanzia hapo hapo: "Ungekuwa Mjerumani unakimbia vita, ungepandisha masanduku ya dhahabu kilima hiki?" Wanatazama walikotoka, miguu ingali inatetemeka, wanacheka. Kisha nawaonyesha udongo uliofukuliwa chini ya mwamba, ambao ndio ungetueleza wachoraji walikula nini na walitumia zana gani. Ukishavurugwa, basi.

Kigumu zaidi ni matambiko. Wazee wa Kirangi bado hupanda huku kuomba mvua, na pombe humiminwa mwambani. Siku moja kijana akasema kwa sauti, "Kumbe hapa ni kwa mashetani." Nilitaka kumjibu, lakini tulikuwa na mzee wa kijijini, nikamwachia yeye.

"Mjukuu wangu," akasema, "mvua ikigoma, nyie huko Dodoma mnafanyaje?"

"Tunaomba, babu."

"Haya. Na huku tunaomba."

Kijana akakaa naye jiwe moja hadi tuliposhuka. Waliongea nini sijui, sikuwafuata. Nadhani kuondoka kwangu ndiyo kazi nzuri niliyofanya siku ile.

Na maji? Nikiona mtu anafungua chupa karibu na mchoro, sipigi tena kelele. Namsogelea na kusema, "Shikamoo mama, kiu imenishika, nigawie kidogo." Chupa ikishakuwa mkononi mwangu tunazungumza kwa nini mwamba haunyweshwi. Wengi hunipa. Mmoja tu alinikatalia, akasema maji katoka nayo Babati na mlima wenyewe bado kuushuka.