Nonno, nono, na deni langu la Torino

Jana baada ya Isha simu ilitetema: ujumbe wa sauti wa sekunde 11 kutoka Torino, Italia. Nimeshausikiliza mara sita. Nilikuwa na deni kwa mwenye sauti ile, nami nataka niliandike kabla sijalisahau.

Nafanya kazi mapokezi hotelini Kiwengwa, ambako wageni wetu wengi ni Wataliana. Mwaka jana niliingizwa kwenye grupu la simu la watu kama 30, nusu sisi wa Unguja na Pemba tunaotaka Kitaliana, nusu wao wanaotaka Kiswahili. Kila wiki hutolewa mada, mtu anatuma sauti ya dakika moja kwa lugha anayojifunza, na wenye lugha yao wanamsahihisha.

Miezi miwili sikutuma kitu. Sauti za wenzangu nilizisikiliza zote, nyingine nikazirudia ndani ya daladala mpaka nikazihifadhi. Usiku najifungia chumbani, narekodi, nasikiliza, nafuta. Narekodi tena, nafuta. Siku moja mwenye grupu akaandika kwamba wanaokaa kimya ni wavivu, wachangie au watoke. Iliniuma sana. Mtoto anayepandishwa chomboni mara ya kwanza hapewi usukani. Anafua maji, anatazama mikono ya wakubwa, na hakuna anayesema kwamba hajifunzi.

Mie nilikuwa naogopa, na hofu hiyo naijua ilikozaliwa. Nilitoka Wete kuja mjini nina miaka 14. Siku ya kwanza darasani nikasimamishwa nisome aya moja, lafudhi yangu ya Kipemba ikatoka vile nilivyokuzwa nayo, darasa zima likacheka. Mwalimu naye akacheka. Muhula mzima sikunyoosha mkono. Baadaye nilikuja kusoma kwamba Kiunguja kilichaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928 kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, nikaelewa wale watoto walikopata ujasiri wa kunicheka katika lugha ya mama yangu mwenyewe. Nikaelewa, lakini lile donge la kooni halikutoka.

Mtafiti wa ujifunzaji lugha Elaine Horwitz na wenzake waliandika mwaka 1986 kwamba hofu ya kujifunza lugha ni hofu ya peke yake, si ile tu ya mtihani wa hesabu au jiografia. Mtu mzima mwenye akili zake, aliyezoea kujieleza, anajikuta ana maneno ya mtoto mdogo, na watu wanampima kwa maneno hayo. Niliposoma hayo nilijiona. Hotelini mie ndiye ninayetuliza wageni waliokasirika. Kwenye Kitaliana nilikuwa siwezi hata kumtaja babu yangu.

Na ni babu hasa aliyenifungua mdomo. Mada ilikuwa familia, nikajikaza, nikatuma: "Mio nono è un pescatore." Nilitaka kusema babu yangu ni mvuvi. Lakini babu ni nonno, kwa n mbili. Kwa n moja, nono, maana yake ni "wa tisa". Grupuni hakuna aliyesema kitu. Ndipo mama mmoja wa Torino akaniandikia pembeni, peke yangu, kwa Kiswahili chake cha kuchechemea: "Dada, wewe unasema nne? Moja, mbili, tatu, nne? Chukua n ile, weka katikati."

Nne. No-nno. Nilikaa kitandani nikarudia mpaka nikapata. Ile n nzito nilikuwa nayo tangu utotoni, yeye akanionyesha tu ilipo. Mama yangu hufanya vivyo hivyo akimwona mtoto wa jirani nguo imempanda mgongoni: humvuta kando, akaishusha, wakaendelea na safari. Hiyo ndiyo stara niliyolelewa nayo.

Baada ya hapo niliongea kila wiki. Na hapo ndipo nilipoharibu. Wiki moja mama yule yule alitaka kusema mumewe anafaa kwa kazi yake mpya, akasema anakufa kwa kazi yake mpya. Watu wakamwaga vikatuni vya kucheka. Mie nikatuma sauti ya dakika mbili, hadharani, nikianza na "hapana, hapana", nikamhesabia makosa matano, na kufaa na kufa juu yake. Nilidhani namsaidia.

Hakutuma tena. Wiki saba zikapita sina habari, mpaka siku moja niliporudi nyuma kutafuta kitu kingine nikakutana na sauti yangu. Nikaisikiliza. Mwanzoni kabisa, kabla ya "hapana" ya kwanza, ninacheka. Ni kicheko kile kile cha darasani kwetu, safari hii kikitoka kinywani mwangu.

Nilimwandikia pembeni, pale pale aliponiandikia yeye. Nisamehe mama yangu. Nikamsimulia habari ya Wete, habari ambayo hata wenzangu wa kazini hawaijui. Kisha nikamwambia a ya "anafaa" aivute kama nilivyoivuta n ya nonno. Mtafiti mwingine, Peter MacIntyre, na wenzake, mwaka 1998, walieleza kwamba utayari wa kuongea ni wa wakati fulani na mtu fulani, hata kwa anayeijua lugha. Sikuwa na hakika kama mie bado ni mtu huyo kwake.

Siku tatu kimya. Halafu jana, sekunde 11. Nyuma yake inasikika sauti ya vyombo vinaoshwa. "Mume wangu anafaaa," anasema, a imevutwa mpaka pumzi inakaribia kumwishia, "anafaa kwa kazi. Na mimi niko mzima, dada."

Ameutuma kwangu tu, grupuni hajaupeleka. Sikumwambia aupeleke.