Nzuri, ila

Niko Tandika kwa shangazi, wiki ya tatu sasa, na kila anayekuja kunipa pole ya safari anasema lile lile: "Mbona umenawiri! Ulaya imekupenda." Nacheka. Fimbo yangu iko nyuma ya mlango, hawajaiona.

Nina sikoseli tangu kuzaliwa. Utotoni nilikuwa mwenyeji wa wodi za Muhimbili. Siku hizi naishi Birmingham, ambako baridi peke yake inatosha kuniamshia maumivu. Miaka michache iliyopita nyonga ya kushoto ikaanza kuharibika: damu haifiki vizuri kwenye mfupa, na mfupa usiopata damu hufa taratibu. Ndipo nikaomba PIP, malipo ambayo Uingereza huwapa wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu, uwe unafanya kazi au hufanyi.

Nikanyimwa. Upande wa shughuli za kila siku nilipewa alama 2, na zinatakiwa 8. Upande wa kutembea, sifuri.

Nikaomba nakala ya ripoti ya mtathmini. (Iombeni, ni haki yenu, bila hiyo unapigana gizani.) Kuisoma tu, nikaona nilivyojimaliza mwenyewe. Mtathmini alinihoji kwa simu, akaanza kwa kuuliza naendeleaje. Nikajibu kama nilivyolelewa: naendelea vizuri, asante. Kwetu hata mwenye shida anaanza na nzuri, kisha "ila" ndiyo inabeba habari yenyewe. Nzuri, ila mama amelazwa. Nzuri, ila nyumba imeungua. Yule bwana aliandika nzuri, ila yangu hakuingoja. Unapika? Napika. Dukani unafika? Nafika. Hakuuliza nasimama mara ngapi njiani, nami sikusema. Kumlilia mtu nisiyemjua niliona aibu.

Kumbe sheria yenyewe haiishii kwenye "unaweza". Inataka kujua kama unaweza bila kuhatarika, kwa kiwango kinachokubalika, kila mara inapohitajika, na bila kutumia zaidi ya mara mbili ya muda anaotumia mtu mzima wa afya. Tena wanaangalia hali yako katika zaidi ya nusu ya siku, siyo ile siku moja uliyoamka vizuri.

Hatua ya kwanza ukinyimwa ni kuwaomba hao wanaotoa PIP waufikirie upya uamuzi wao, ndani ya mwezi mmoja. Wakaufikiria, wakarudisha jibu lile lile. Wengi huishia hapa. Mimi nilitaka kuishia hapa. Mshauri mmoja wa Citizens Advice, shirika la hisani linalotoa ushauri, ambaye hakunitoza hata senti, akaniambia una mwezi mwingine wa kukata rufaa kwenye baraza huru, na kuanzia leo nunua daftari.

Nikanunua. Ukurasa mmoja unasema hivi: "Jumanne. Nimekaa ukingoni mwa kitanda dakika 40 kabla ya kuvaa soksi ya kushoto. Ugali nimesongea chini, sufuria nimeibana kwa miguu. Mwiko umenitoka mara mbili. Nimekula mkate."

Siku ya kusikilizwa walikuwa watatu: hakimu, daktari, na mtu anayeyajua maisha ya ulemavu. Mkalimani wa Kiswahili ukimhitaji wanakuletea bure, usione haya. Daktari alilisoma daftari, akauliza ugali ni nini. Nikasimama kumwonyesha unavyosongwa, bega na kiuno, nikashindwa kumaliza. Akaniambia kaa, mama, nimeelewa. Nilitoka na alama 8 za shughuli na 8 za kutembea, na malimbikizo yote tangu niombe.

Tahadhari kwa ndugu zangu ambao viza zenu zinakataza fedha za umma: PIP ni mojawapo, msiiguse, mtaharibu makaratasi ya ukaazi. Na ukija nyumbani zaidi ya wiki 4 wajulishe. Kwa matembezi ya kawaida mwisho ni wiki 13, ukizidisha malipo yanasimama. Mimi nina tiketi ya wiki ya saba na nimeshawaambia.

Nilipomweleza shangazi, alinyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hiyo wanakulipa kuumwa?" Nikamwambia wananilipia teksi, kiti cha bafuni, na moto wa kupasha nyumba ili nisiumwe zaidi. Akasema basi hao ni watu. Sikumsimulia zile barua mbili za mwanzo.

Asubuhi ya jana alikuwa anapepeta mchele uani. "Umeamkaje, mwanangu?"

"Salama, shangazi," nikasema, huku nimeshika ukuta. Mdomo ushazoea. Akatupa jicho kwenye mguu wangu, akainuka, akanisogezea kigoda chake.